Mageuko Hayaombi Kuaminiwa

Hotuba kwa walimu wa bayolojia, wazazi na viongozi wa dini, Jinja

Walimu wenzangu, wazazi, mashehe, mapadri na wachungaji mlioitikia mwaliko, nanyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mliokaa huko nyuma: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie swali moja: je, mageuko ya viumbe ni sayansi, au ni imani nyingine tu? Swali hili naliheshimu. Analiuliza mzazi ambaye mtoto wake amerudi kutoka shule akisema binadamu na sokwe wana asili moja, na Jumapili mchungaji akasema kinyume. Analiuliza hata mwalimu mwenyewe, anayepitisha sura ile mbio mbio kwa kuwa huenda ikatoka kwenye mtihani wa taifa wa UNEB, kisha anamalizia kwa kuwaambia wanafunzi, "Andikeni hivyo mpate maksi, ila msiamini." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, na ndiyo iliyonifanya niukubali mwaliko huu. Inamfundisha mtoto kwamba sayansi ni maneno ya kukariri kwa ajili ya maksi. Papo hapo inamfundisha kwamba dini yake ni kitu cha kufichwa mfukoni wakati wa mtihani. Sijui mafunzo mengine yanayoharibu vitu viwili vizuri kwa pigo moja namna hiyo.

Jibu langu nalitoa sasa hivi. Mageuko ni sayansi. Ni sayansi kwa kuwa yamekubali kupimwa mahali ambapo yangeweza kushindwa, na baadhi ya vipimo hivyo vilifanyika hapa hapa Uganda, katika maji ya ziwa letu na katika damu ya watoto wetu. Nami ni mtu wa kusali, na sikuja kumpokonya mtu yeyote sala yake.

Tuanze na kipimo chenyewe. Ukiletewa dai lolote, uliza: ni jambo gani likionekana kesho, mwenye dai atalazimika kuliacha? Imani ya dini haiishi kwa swali hilo. Nabii Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, akabaki na Mola wake, na kwa hilo anaheshimiwa msikitini na kanisani. Mama aliyezika mwanawe na bado anapiga magoti usiku hajafeli mtihani wowote. Lakini mtafiti anayeing'ang'ania nadharia yake baada ya ushahidi wote kuikataa, huyo hatumsifu kwa uaminifu wake. Tunamwambia aache kazi, awapishe wengine.

Mwanafalsafa Karl Popper ndiye aliyekipa kipimo hiki jina kubwa: dai la kisayansi sharti liwe linaweza kukanushwa. Wanaopinga mageuko hupenda kumtaja, na wana sababu, kwani mwaka 1974 alichapisha kwamba nadharia ya Darwin haipimiki kisayansi, ni mpango wa utafiti wa kimetafizikia, yaani wa mambo yaliyo nje ya vipimo. Wengi hukomea hapo. Mwaka 1978 Popper huyo huyo alichapisha kwamba amebadili mawazo yake kuhusu kupimika kwa uteuzi asilia, ambao ndio moyo wa nadharia hiyo. Anayewasomea watu Popper wa 1974 na kumficha wa 1978 anawanyima nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo ya mwisho.

Wazo lenyewe la uteuzi asilia, ambalo Charles Darwin na Alfred Russel Wallace walilitangaza mwaka 1858, linasemeka kwa pumzi moja. Viumbe wa aina moja hawalingani kabisa. Tofauti zao nyingine hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Basi wale ambao tofauti zao zinawafaa pale walipo huacha wazao wengi zaidi, na tofauti hizo huongezeka kizazi baada ya kizazi. Hapo hamna neno hata moja la kusema Mungu yupo au hayupo.

Na wazo hilo lilikaribia kuanguka likiwa bado changa. Lord Kelvin, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 19, alipiga hesabu ya jinsi dunia inavyopoa, na kufikia mwaka 1897 alikuwa anasema umri wake ni kati ya miaka milioni 20 na 40. Muda huo haukutosha hata kidogo kwa mageuko ya polepole. Darwin mwenyewe alisumbuka na hesabu za Kelvin mpaka akafa mwaka 1882 bila kuwa na jibu. Tatizo lilikaa wazi mezani kwa miongo. Baadaye mionzi iligunduliwa, mwaka 1896, nayo ikawapa wanajiolojia njia ya kupima umri wa miamba. Leo tunajua dunia ina miaka bilioni 4.5. Angalieni nani aliyeleta kipimo hicho: wanafizikia, watu ambao hawakuwa na deni lolote kwa Darwin. Wangeweza kuimaliza nadharia yake siku ile ile.

Kuna pia aibu ya Piltdown, na siifichi. Mwaka 1912 Uingereza ilitangaziwa fuvu la "binadamu wa kwanza" lililochimbwa Sussex. Ulikuwa ulaghai: fuvu la mtu na taya la orangutani, nyani mkubwa wa Asia, vikapakwa rangi vionekane vya kale. Wakubwa wa sayansi ya Ulaya walilikumbatia, maana liliwapa fahari. Kwa sababu hiyo fuvu la kweli la Taung, la jamii ya wahenga wa binadamu, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, lilidharauliwa kwa miaka mingi. Ulaghai ule ulifichuliwa mwaka 1953, na waliouchunguza na kuufichua ni wanasayansi wenyewe, kwa vipimo vya kemia. Wanasayansi ni watu kama sisi, fahari huwapofusha. Kilichowaokoa ni desturi ya kupima tena kile ambacho kila mtu amekwisha kukubali.

Sasa tuje nyumbani. Mji huu wa Jinja umekuwa na kituo cha utafiti wa samaki tangu mwaka 1947, na miaka ya 1950 alifanya kazi hapa mtaalamu aitwaye P. H. Greenwood. Kazi yake kubwa ilikuwa nkejje. Kila mtu hapa anamjua nkejje, samaki mdogo anayekaushwa, ambaye bibi zetu waliwapa watoto wenye surua na waliokonda. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanamwita furu. Sisi tunamwona mmoja. Wataalamu wamehesabu spishi zaidi ya 500 katika Ziwa Victoria peke yake. Wapo wanaosaga konokono kwa taya la pili lililoko kooni. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe. Wapo wanaokula samaki wenzao. Na wapo wanaomvizia mama anayelea vifaranga mdomoni, wakamgonga mpaka anawatema, wakawameza. Ukiwapanga mezani utadhani wametoka mabara tofauti. Ukisoma vinasaba vyao unakuta ndugu wa karibu mno, tofauti zao ndogo kuliko unavyotarajia kwa kuwatazama meno.

Walitoka wapi? Miaka ya 1990 watafiti walitoboa tope la sakafu ya ziwa, na mwaka 1996 wakachapisha walichokuta: chini ya tope la majini kuna tabaka la udongo wa nchi kavu wenye dalili za nyasi. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, na likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Yaani mabadiliko hayo yote yametokea katika muda ambao kwa jiolojia ni kupepesa jicho. Si kila mtaalamu alikubali. Geoffrey Fryer, aliyewafahamu samaki wa maziwa haya kuliko wengi, alibisha kwa miaka: kasi hiyo haiwezekani, lazima vidimbwi vilibaki mahali samaki wakajihifadhi. Wengine walijibu kwa vinasaba, wakaonyesha kwamba wazazi wa samaki hawa walikuwa mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, na mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti za kurithi. Hawa wote wanakubali mageuko, na bado walibishana hadharani, kila mmoja akitaja ni ushahidi gani ungemshinda. Mabishano ya aina hiyo ndiyo afya ya sayansi. Wazazi, mtoto akiwaambia "wanasayansi wenyewe hawakubaliani", muulizeni: hawakubaliani kuhusu lipi?

Sasa Nabugabo. Ni ziwa dogo karibu na Masaka. Wengi wenu mmekwenda kuogelea huko. Zamani lilikuwa ghuba ya Ziwa Victoria, kisha mawimbi yakajenga ukingo wa mchanga, likafungiwa. Kipimo cha kaboni kinasema lilitengwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Kabla hujavua samaki hata mmoja, jiulize nadharia inakulazimisha kutarajia nini. Kama spishi hutokana na spishi, basi samaki waliofungiwa mle wawe wameanza kuachana na ndugu zao wa ziwa kubwa. Wawe ndugu wa wale wa jirani, si wa Tanganyika wala wa Malawi. Na kwa kuwa muda ni mfupi, tofauti ziwe ndogo. Samaki walipovuliwa na kuchunguzwa, Greenwood akiwa miongoni mwa waliowachambua, zilipatikana spishi tano za jamii ya nkejje ambazo hazipo katika Ziwa Victoria. Zote zina ndugu zao wa kufanana nao Victoria, ng'ambo ya mchanga, na tofauti iliyo wazi zaidi ni rangi za madume. Matokeo yangeweza kuwa mengine. Wangeweza kukutwa samaki wasiohusiana na jirani yeyote, na nadharia ingekuwa matatani, hapa hapa wilayani Masaka.

Nisiwaache nkejje bila kusema hili, maana linaniuma. Mbuta, yule samaki mkubwa mlaji wa samaki wenzake ambaye Tanzania wanamwita sangara, alipoletwa ziwani miaka ya 1950, na alipoongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, alimaliza spishi nyingi ambazo hazitarudi tena. Zaidi ya hapo, maji yakawa machafu kwa mbolea na maji taka. Upande wa Mwanza yuko nkejje wa madume mekundu, aliyepewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na nduguye wa madume ya buluu. Majike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kwamba palipo na maji maangavu spishi zinabaki mbalimbali, na palipo na maji ya matope majike hawaoni tofauti, spishi zinachanganyika na kufifia. Anayeyatibua maji yale anafuta kazi ya miaka elfu kadhaa. Serikali zetu tatu zingelijua hili mapema, sina shaka tungekuwa na sera nyingine ya ziwa.

Tutoke majini, tuingie wodini. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, umegusa familia zilizo humu ukumbini. Pole zangu kwenu. Mtoto anayerithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama anaumwa. Anayeirithi kutoka kwa mmoja tu haumwi, ila anaibeba. Sasa fikirini: jeni inayoua watoto ilipaswa kupungua mpaka ipotee. Lakini mwaka 1949 Lehmann na Raper walipima damu za makabila ya Uganda na kukuta kwamba miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo wabebaji wanafika 45 katika kila 100. Jambo hilo lilikuwa mwiba kwa nadharia ya uteuzi asilia. Kitu kibaya kimeenea hivyo kwa nini?

Daktari mmoja kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alitoa dhana ambayo ingeweza kuaibishwa kwa wiki chache: huenda kubeba jeni moja kunamkinga mtoto na malaria. Alipima watoto 290 wa maeneo ya karibu na Kampala. Kati ya watoto 247 wasio na jeni hiyo, 113 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, karibu nusu. Kati ya wabebaji 43, walikuwa nao 12, robo na zaidi kidogo. Alichapisha mwaka 1954, na tangu hapo jambo hilo limepimwa nchi baada ya nchi, likasimama. Dhana ile ilitabiri pia ramani: jeni iwe nyingi kwenye mabonde yenye mbu, iwe chache kwenye baridi ya milimani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika miaka ya 2014 na 2015, uliopima karibu watoto 100,000, ulikuta wabebaji ni asilimia 13.3 nchini kote. Bundibugyo iko juu sana, wakati milima ya Kigezi iko chini. Ndugu zangu, hii si hadithi ya mifupa ya zamani. Huu ni uteuzi asilia ukifanya kazi juu yetu, kwa gharama ya watoto wetu, na muuguzi anayemweleza binti kabla ya kuolewa kwamba yeye na mchumba wake wapime damu anaitumia elimu hiyo, hata kama jina la Darwin hajawahi kulitamka.

Na vimelea navyo havijalala. Klorokwini tuliyokua nayo, ile dawa chungu ya malaria iliyowasha ngozi, ilishindwa. Haikuharibika kiwandani, vimelea vilivyoweza kuistahimili ndivyo vilivyobaki na kuzaana. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na haikupita miaka kumi vimelea sugu vikawa vimetoweka huko na dawa ikawa inaua tena, kwa kuwa palipokosekana dawa, ule usugu haukuwa na faida yoyote. Hilo ndilo uteuzi asilia ungekufanya utarajie. Kisha zikaja dawa mseto zenye artemisinini, na sasa tazameni Gulu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 240 waliotibiwa huko kaskazini. Kwa 14 kati yao, vimelea vilichelewa kufa kupita kiasi, na kwa 13 kati ya hao 14 kulikuwa na mabadiliko katika jeni moja inayojulikana. Mabadiliko yale hayakusafiri kwa ndege kutoka Kambodia, ambako usugu wa namna hiyo ulionekana kwanza. Yalizuka Afrika, kwetu.

Sasa niambieni, daktari wa Gulu anayebeba swali hili afanye nini na ule ushauri wa "andikeni mpate maksi, ila msiamini"? Mtoto tuliyemwambia mwaka huu kwamba mageuko ni porojo za wazungu ndiye tutakayemtaka baada ya miaka kumi atueleze kwa nini dawa ya nduguye haifanyi kazi. Hapa ndipo ninapopandisha sauti, mnisamehe. Mabishano haya wenzetu Marekani wameyapeleka mahakamani, wakaishia mwaka 2005 huko Dover, Pennsylvania, ambako jaji aliyeteuliwa na Rais George W. Bush aliamua kwamba fundisho la "ubunifu wenye akili", linalosema viumbe vilibuniwa na mwenye akili badala ya kugeuka, ni dini na si somo la sayansi. Wao wanaweza kulipa mawakili. Sisi tunalipa kwa malaria.

Najua swali linalosubiri. "Mwalimu, samaki na vimelea tumekubali. Lakini nyani? Na kama tulitokana na nyani, mbona bado wapo?" Sokwe wa Kibale si babu yako wala hakuna mwanasayansi anayesema hivyo. Ni binamu. Nyote wawili mna mhenga mmoja ambaye hayupo tena, na kuwepo kwako hakumfanyi binamu yako afe. Dai hili nalo lina mahali pa kushindwa. Sokwe, gorila na orangutani wana kromosomu 48, yaani vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli. Sisi tuna 46. Jozi moja imekwenda wapi? Haiwezi kupotea tu, mtu angekufa tumboni. Kama kweli tuna mhenga mmoja, basi ni lazima kromosomu mbili za kale ziliungana, na alama ya kiungo ionekane. Mwaka 1991 kiungo kilipatikana, katikati ya kromosomu yetu ya pili: ncha mbili zimegusana, mahali ambapo ncha hazipaswi kuwa.

Kuna mzee aliniuliza kabla sijapanda jukwaani kama elimu hii si ile ile waliyotumia kutuita nyani. Mzee wangu, hofu yako ina historia. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa kwenye banda la nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakalipa nauli kwenda kumtazama. Walioutetea unyama ule walitumia lugha ya mageuko. Na kabla ya hapo, John Hanning Speke, aliyefika hapa Jinja Julai 1862 kutazama Nile ikitoka ziwani, aliandika kwamba watawala wa falme zetu ni wageni wa uzao wa Shemu na Hamu kutoka Ethiopia, walio bora kuliko raia wao. Yeye alitumia lugha ya Biblia. Basi mtu anayetaka kudharau wengine hutwaa kitabu chochote kilicho karibu. Ngazi ile ya mataifa bora na mataifa duni ndiyo iliyokuwa imani, na sayansi ilipoipima ikaanguka. Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, si kati ya jamii na jamii. Tofauti nyingi zaidi za kijeni duniani zimo Afrika, kwa kuwa hapa ndipo watu walipoishi muda mrefu zaidi. Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba yaelekea wahenga wa binadamu waliishi Afrika, wakati hapakuwa na kisukuku hata kimoja cha kumuunga mkono. Karamoja, huko huko ambako watu wa mjini hupazungumzia kana kwamba ni mwisho wa dunia, Moroto imetoa mabaki ya nyani mkubwa wa miaka milioni 21 iliyopita, na Napak ikatoa fuvu la miaka milioni 20 mwaka 2011. Mtoto wa Karamoja ana haki ya kujua kwamba ardhi anayochungia ng'ombe ni ukurasa ambao wataalamu wa dunia nzima wanakuja kuusoma.

Kwa mashehe, mapadri na wachungaji nitasema machache, maana ninyi ni walimu wangu katika upande huo. Sayansi haina chombo cha kumpima Mungu. Anayesimama na kutangaza kwamba mageuko yamethibitisha Mungu hayupo ameacha sayansi, ameingia katika imani yake mwenyewe, na mna haki ya kumjibu kama mnavyojibu mhubiri mwingine yeyote. Uhai wa kwanza kabisa ulianzaje, hilo bado linatafutwa, wala halimo katika yale niliyoyatetea leo. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wa elimu ya kisasa ya mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu wapo wanaoyakubali kwa wanyama na mimea na kumweka Adamu mahali pake pa pekee, na wapo wanaoyakataa. Mjadala huo ni wenu, uendesheni kwa elimu mliyo nayo. Ninaloomba ni moja: msimwambie mtoto achague kati ya maabara na msala. Akilazimishwa kuchagua, wengine wataikimbia maabara, tutakosa madaktari. Wengine, na hasa wale wenye akili ya kuuliza, watawakimbia ninyi.

Walimu, kazi ya muhula ujao. Msianze sura ile na Darwin. Nendeni sokoni Jinja mkanunue nkejje, wengi mwezavyo, muwape wanafunzi wawapasue na kulinganisha taya za kooni, wachore walichoona. Wafundisheni selimundu na malaria siku moja, wala msiache wiki tatu katikati. Shule zilizo karibu na Kampala zipeleke watoto Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, wakaulizie Moroto na Napak. Na kabla ya kila somo, kila mwanafunzi, wa msikitini na wa kanisani, aandike kwenye daftari lake: mageuko yakiwa si kweli, leo natarajia kuona nini? Kisha aangalie. Akiona kinyume cha tulichomfundisha, aandike hivyo hivyo, nanyi mmpe maksi zake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tuwape nafasi wanafunzi waulize kwanza, wazee wafuate.